Uzoefu wangu na kitendanishi cha amonia cha chupa mbili (GLDH): kizuri, ila kinataka barafu

Nimekitumia kupima amonia kwenye damu, kwenye mashine ya kemia, na kwa mkono pia kwenye fotomita (kifaa cha kupima mwanga unaonyonywa na mchanganyiko). Nakipa nyota nne. Ile ya tano nimeinyima karatasi ya maelezo: kuhusu sampuli inasema "weka kwenye baridi" na kuishia hapo, wakati nusu ya kipimo hiki iko kwenye sampuli.

Nilichokipenda ni jinsi kilivyogawanywa. R1, chupa ya kwanza, ina bufa (kituliza asidi), alfa-ketoglutareti inayoshikana na amonia, na NADPH inayotumika katika kushikana huko. R2, ya pili, ina GLDH peke yake, kimeng'enya kinachoendesha kazi hiyo. Unachanganya plazma na R1, unasubiri dakika 5 vurugu za pembeni ziishe, unasoma kwenye nanomita 340, mwanga ambao NADPH huunyonya, ndipo unaongeza R2 na kusoma tena. NADPH inapotumika usomaji unashuka, na kushuka huko ndiyo amonia. Kutumia NADPH badala ya ndugu yake NADH kunasaidia pia, maana LDH (kimeng'enya kingine cha damu) na piruvati za mgonjwa haziingilii sana.

Sasa hesabu. Plazma mikrolita 100 kwenye mchanganyiko wa mililita 1, kiuveti cha sentimita 1: amonia ya mikromoli 50 kwa lita inashusha usomaji kwa 0.031 tu. Maji unayotumia kama sifuri yakiwa na uchafu wa kushusha 0.010, umempunguzia kila mgonjwa mikromoli 16 na hakuna atakayejua. Chupa ya maji iliyoachwa wazi tangu asubuhi, karibu na meza ya mkojo, haifai. Majibu yote yakishuka kwa pamoja, fungua maji mapya kabla ya kulaumu kitendanishi.

Kontroli, yaani sampuli za kuhakiki kipimo, nazo zinavuta amonia ya hewani. Ya kiwango cha chini ndiyo hupanda kwanza, kwa hiyo mimina ukiwa tayari kupima, funika, pima mara moja. Siku ya kusafisha sakafu au vioo kwa dawa yenye amonia, acheni kipimo hiki mpaka hewa itulie.

Sampuli: mrija wa EDTA (dawa ya kuzuia damu kuganda), kofia ya zambarau, ujae hadi alama na usifunguliwe. Mwenye kutoa damu asimwambie mgonjwa akunje ngumi, na mpira wa kufunga mkono usikae muda mrefu. Sigara inapandisha, ya mgonjwa na ya mtoa damu vilevile. Mrija uzamishwe kwenye barafu iliyochanganywa na maji. Mapande makavu ya barafu yanagusa mrija sehemu chache tu, na damu iliyogandia ukutani inapasuka chembe. Chembe nyekundu zina amonia karibu mara tatu ya plazma, kwa hiyo plazma yenye wekundu naikataa bila mjadala. Sentrifuji iwe ya nyuzi 4, ndani ya dakika 15, plazma itolewe bila kugusa tabaka jeupe la chembe lililo chini yake. Mrija ukikaa mezani, glutamini inavunjika na amonia inapanda yenyewe, tena haraka zaidi kwa mwenye GGT kubwa (kimeng'enya kinachopanda ini likiumwa). Na huyo mgonjwa wa ini ndiye hasa anayeandikiwa kipimo hiki!

Mrija wa kijani? Hakikisha ni heparini ya lithiamu. Ukikuta heparini ya amoniamu, utakuwa unapima amonia ya mrija wenyewe. Ulizeni pia kama mgonjwa anatumia dawa ya sulfasalazini. Inaharibu vipimo vya NADPH.

Majibu yanatoka kwa mikromoli kwa lita. Daktari akitaka mikrogramu kwa desilita, zidisha kwa 1.7. Mtoto mchanga akivuka mikromoli 150 na sampuli ilikuwa safi, piga simu wodini kwanza, karatasi itafuata.

Maabara yenye barafu na sentrifuji ya baridi, nunueni. Inayoletewa damu kwa bodaboda kutoka vituo vya mbali isinunue. Mgonjwa aje atolewe damu palepale dirishani.