Kontrola ya Taa za Krismasi: Kabla ya Kuhesabu Milango, Uliza Inavyohesabu Chaneli

Novemba ikibisha hodi, malalamiko ya wasomaji walioko Marekani hufanana. Mtu ana masanduku ya zamani ya Light-O-Rama (kampuni yenye kontrola na programu yake ya taa), rafiki kamgawia sikwensi, yaani mpango wa mwanga, ya programu ya xLights, shemeji kamwekea programu nyingine, Vixen, kwenye kompyuta. Anaongeza kontrola mpya ya pikseli, taa ndogo ambazo kila moja huamriwa rangi yake, kwa sababu ina milango 16 ya kuunga nyuzi za taa. Usiku wa kuwasha, nusu ya paa ni nyekundu kama alivyotaka, nusu nyingine ni kijani. Anairudisha, analetewa nyingine, na paa ni lile lile.

Kontrola si mbovu. Imehesabu tofauti na programu inayoilisha.

Idadi ya milango, idadi ya pikseli, kasha lisiloingiza maji: hayo muuzaji atakwambia bila kuulizwa, siyarudii. Nakaa kwenye lile ambalo halimo kwenye tangazo.

Kuwa na programu tatu peke yake si tatizo. xLights ni ya bure, inaendeshwa kwenye Windows, macOS na Linux, na inaingiza faili za Light-O-Rama, za zamani za .lms na za sasa za .loredit. Vixen 3 nayo ni ya bure, ila ni ya Windows pekee, na inaweza kutoa faili la .fseq ambalo programu ya kuchezesha taa, Falcon Player (FPP), hulicheza. Kazi ya mmoja inaweza kupita mikononi mwa mwingine. Lakini faili la .fseq halijui mti wala dirisha. Lina namba tupu za ukali wa mwanga, chaneli (nafasi ya namba moja) ya kwanza hadi ya mwisho, fremu baada ya fremu, kama picha za filamu. Aliyelitengeneza na anayelicheza wasipopanga chaneli kwa mfuatano mmoja, mwanga wa mti unatua kwenye dirisha.

Chaneli mbili zinazotesa watu

Itifaki ya E1.31, yaani kanuni ya kutuma namba hizo kwa mtandao, ambayo kontrola nyingi za pikseli huielewa, hubeba chaneli katika mafungu yaitwayo yunivasi. Yunivasi moja ina nafasi 512, urithi wa DMX512, itifaki ya taa za jukwaani. Pikseli ya rangi tatu hula chaneli 3. Gawanya 512 kwa 3 unapata pikseli 170 na chaneli 2 za ziada. Hizo mbili ndizo fitina yote.

Kambi moja huziacha tupu: yunivasi inaishia 510, na pikseli ya 171 inaanza chaneli ya 1 ya yunivasi inayofuata. Kambi ya pili haitupi kitu: pikseli ya 171 inapata nyekundu na kijani kwenye chaneli 511 na 512, bluu yake inavuka mpaka. Kila kambi iko sawa ikiwa peke yake. Changanya programu ya kambi moja na sanduku la kambi nyingine, na kila kitu baada ya pikseli ya 170 kinateleza.

Kuteleza huko kuna alama yake. Washa nyekundu tupu kwenye taa zote:

- Kuanzia pikseli ya 171 ikigeuka kijani, programu inatuma 512 na sanduku linasoma 510.
- Ikigeuka bluu, programu inatuma 510 na sanduku linasoma 512.

Kwa nyuzi za pikseli 50, hitilafu huanza pikseli ya 21 ya uzi wa nne. Ndiyo maana anayejaribu mezani kwa uzi mmoja haoni kitu. Na usijaribu kwa nyeupe, ambayo huficha kosa: katika hali ya kwanza haionyeshi chochote, katika ya pili inabaki pikseli moja tu, ya 171, yenye bluu, na wengi huihukumu kuwa imeungua, wakaikata na kuunga mpya. Wengine hubadili mpangilio wa rangi wa RGB (nyekundu, kijani, bluu) kuwa GRB, wakaharibu zile 170 za mwanzo zilizokuwa salama. Wengine huongeza nyaya za umeme. Upungufu wa volti hauji hivyo: huo hufifisha nyeupe polepole kuelekea manjano na wekundu kadiri uzi unavyorefuka. Rangi safi inayobadilika ghafla kwenye 171 ni hesabu.

(Wenye pikseli za RGBW, zenye nyeupe kama rangi ya nne, wana bahati. Rangi 4 mara 128 ni 512 kamili, haibaki hata moja.)

Dawa ni mbili. Ya kwanza, chagua 510 na uiandike kila mahali: kwenye xLights ni idadi ya chaneli kwa yunivasi katika orodha ya kontrola, kwenye Vixen ni safu ya ukubwa katika jedwali la yunivasi, yunivasi ya 1 ianze chaneli 1, ya 2 ianze 511, ya 3 ianze 1021, kwenye FPP ni jedwali la chaneli zinazoingia. Jedwali hili la FPP ndilo husahaulika. Ya pili, na ndiyo bora, achana na yunivasi kabisa, tumia DDP, itifaki nyingine ya pikseli. DDP haina mafungu ya 512. Hutaja namba ya mahali data inapoanzia na kutuma hadi baiti 1440 kwa pakiti, yaani pikseli 480 kamili. Mpaka wa 170 unafutika.

Kwa hiyo swali langu la kwanza dukani ni moja: inapokea DDP? Nafasi zifuatazo nimezipanga kwa kuangalia jibu hilo pamoja na ukubwa wa kazi inayofaa kila moja.

1. Kulp

Sifichi upendeleo wangu. K8-PB yenye milango 8, inayokaa juu ya PocketBeagle, au K16A-B yenye milango 16, inayokaa juu ya BeagleBone; zote mbili ni kompyuta ndogo za bodi moja. Ubongo wake ni FPP yenyewe, na hapo ndipo inapowaacha wengine. Inacheza .fseq kutoka kadi ya kumbukumbu bila kompyuta. Inapokea E1.31, Art-Net (itifaki nyingine ya aina hiyo) na DDP. Inaweza kuhamisha chaneli kutoka namba moja kwenda nyingine kabla ya kuzitoa, kwa hiyo faili la Vixen lililohesabiwa kivyake hurekebishwa ndani ya sanduku badala ya kuandikwa upya. Ukichomeka adapta ya USB kwenda RS485 (njia ya waya ya kupitisha data), inaendesha hata masanduku ya zamani ya Light-O-Rama. Mkalimani na mchezaji kwa pamoja.

Kabla ya kulipa, hakikisha kama bodi ya BeagleBone imo kwenye bei. Na usijaze mlango hadi kikomo cha tangazo: pikseli ya WS2811, aina ya kawaida, huchukua mikrosekunde 30, hivyo fremu ya milisekunde 25 haipitishi zaidi ya 833 kwa mlango. Mimi naishia 700. Ukitaka zaidi, shuka hadi fremu za milisekunde 50, na sikwensi zote ziwe hivyo.

2. Falcon F16V4

Milango 16, inaelewa E1.31, Art-Net na DDP, na xLights huipelekea mpangilio wa milango moja kwa moja bila wewe kuandika namba mara mbili. Kwa anayetumia xLights pekee, nisingebishana naye akiiweka ya kwanza. Inashuka kwangu kwa sababu mchanganyiko wa programu unahitaji FPP pembeni ya kutafsiri, na hicho ni kifaa kingine cha kununua.

3. Light-O-Rama

Kama nyumba nzima ni Light-O-Rama, programu na masanduku, endelea; ndani ya ukoo wake vitu vinasikilizana. Ila kontrola zake za Pixie hulishwa kwa RS485, si kwa Ethernet, kwa hiyo DDP haiwahusu.

Wenye CTB16PC za taa za kawaida wasizitupe. Chaneli 16 za umeme wa ukutani bado ni mali. Kwenye xLights ongeza kontrola ya mlango wa serial, itifaki ya LOR (Light-O-Rama), weka kasi ile ile iliyowekwa kwenye masanduku na namba ya kila sanduku. Taa ndogo ya sanduku ikitulia bila kupepesa, limesikia. Ikipepesa, kasi au waya si sahihi. Waya wake una kichwa cha RJ45 kama wa intaneti, lakini si wa intaneti: baadhi ya nyuzi zake hubeba umeme wa kulisha vifaa vya Light-O-Rama. Usiuchomeke kwenye swichi wala ruta. Ufungie utepe mwekundu, kwa sababu gizani nyaya zote zinafanana.

4. ESP32 yenye WLED

Ni chipu ya Wi-Fi yenye programu ya kuendesha taa. Rahisi, inapokea DDP. Kwa E1.31 chagua “Multi RGB”, ambayo huhesabu pikseli 170 kwa yunivasi. Tuma kwa anwani ya IP ya kifaa, usitawanye kwa mtandao mzima, Wi-Fi itazidiwa. Inafaa dirisha moja au shada la mlangoni.

Zile zinazoendeshwa kwa simu na Bluetooth pekee hazimo kwenye orodha. Hazipokei itifaki yoyote kati ya hizi.

Sasa wauzaji. Kurasa nzima za picha za nyumba zinazong'aa, na mahali pa itifaki wameandika “inafanya kazi na programu zote”. Zote zipi? Kwa hesabu ya 510 au 512? Ukiuliza kwa maandishi unajibiwa kwa kiungo cha video. Na wale wanaouza sikwensi tamu bila kutaja fremu ni milisekunde ngapi, halafu wanakuuzia huduma ya kuipanga upya! Punguzo huja wakati wa kiangazi, mzigo hufika vuli, na muda wa kurudisha huwa umeisha kabla hujapanda ngazi.

Anayenunua Marekani na kupeleka Dar au Nairobi asome kibao cha umeme: sanduku la 120V likikutana na 230 au 240 halikusamehi. Kama kifaa cha kulisha pikseli umeme kina swichi ya 115/230, igeuze kabla ya kuchomeka.

Kifurushi kikifika, usisubiri Desemba. Unga nyuzi nne za pikseli 50 kwenye mlango mmoja, tuma nyekundu kutoka kila programu utakayotumia, moja baada ya nyingine, na kila mara zima kitufe cha kutuma mwanga kwenye ile iliyotangulia. Programu mbili zikilisha sanduku moja kwa pamoja, taa hutetemeka na utadhani ni waya. Kodolea macho pikseli ya 21 ya uzi wa nne.