Mto Ruvuma nyota tano, mwongozaji hata nusu simpi

Safari hii ya boti, upande wa Kilambo, nilimlipia shangazi yangu alipokuja Mtwara baada ya msimu wa korosho. Mzee wa watu kazaliwa Songea, chini ya Milima ya Matogoro. Haja yake ilikuwa moja: auone mto wa kwao unavyoingia baharini.

Mwongozaji kapanda botini, shikamoo hakutoa. Akaanza maelezo: mto huu chanzo chake Msumbiji. Shangazi, kwa upole kabisa: "Mwanangu, unaanzia kwetu Matogoro, unateremka kusini, ndipo unageukia mashariki kushika mpaka." Jamaa akacheka, akawatazama abiria wengine: "Bi mkubwa, Songea kuna mahindi. Mto uko huku."

Jamani! Mkoa wenyewe unaitwa Ruvuma! Unaotoka Msumbiji ni Lujenda, unaomwaga maji yake humo humo; labda ndio uliomchanganya. Sawa, kuchanganya majina si kosa la kumfukuzia mtu kazi. Kumcheka mtu mzima mbele za watu je?

Toka hapo sikuona zuri. Viboko walikuwepo, tena kundi zima, wamezama mpaka masikio. Yeye akawasogelea na injini inanguruma mpaka dume likaachama. Mamba aliyelala kwenye fungu la mchanga tulionyeshwa na shangazi. Maji yakakupwa, tukakwama, na bwana yule yuko kwenye simu. Mwaka 1861 Livingstone naye aligeuza meli yake kwenye mto huu huu kwa sababu maji yalikuwa yanapungua. Hadithi hiyo ndiyo ya kuwasimulia watu waliokwama, lakini wapi!

Aliyetutoa ni mvuvi mmoja wa mtumbwi. Neno lake la kwanza: "Shikamoo mama." Kisha akatuelekeza mkondo ulipo.

Nilikusudia kuandika msiende. Lakini mikoko ile ya mdomoni, na furukombe akilia juu yake, mto umekosa nini? Nendeni. Jioni shangazi alikuwa anacheka tayari, eti kijana wa watu ana njaa tu. Basi nikapoa, nikasema nyota tatu.

Halafu nikawaandikia wenye boti wanirudishie walau nauli yake. Wamenijibu kwa kidole gumba. Nyota moja, na hiyo ni ya viboko.