Magofu ya Kilifi kwa siku moja: uzoefu wangu na ziara ya kifurushi

Tangazo liliahidi Jumba la Mtwana, Mnarani, Gede na Malindi kwa siku moja, kutoka Mombasa na kurudi, chakula cha mchana kikiwa humo humo kwenye bei. Jina la kampuni naliweka kando, maana ziara za namna hii zinauzwa na wengi. Gari lilikuwa safi, kiyoyozi kinapuliza, dereva mtu wa adabu na hana mbio za kijinga. Kilichoniudhi ni jinsi saa zilivyogawanywa. Jumba tulilipita asubuhi tukaambiwa "tutaliona wakati wa kurudi", na wakati wa kurudi magharibi ilikuwa imekwisha kuadhiniwa. Gede tukapewa chini ya saa nzima. Malindi tukakaa mpaka watoto wakaanza kulia, na sehemu kubwa ya muda huo ilipotelea kwenye duka la vinyago ambalo hakuna aliyeomba kupelekwa.

Baadaye nikarudi kwa matatu, kwa nafasi yangu. Yanayofuata yametoka huko.

Gede, magofu ya mji wa kale wa Waswahili ndani ya msitu, ndiyo inayobeba ziara yote. Tangu mwaka 2024 imo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, kwa hiyo usitarajie kuwa peke yako, lakini ukifika mapema msitu unakuwa wa kima na ndege tu. Matatu za Malindi zitakushusha kituo cha Gede, penye njia panda ya kwenda Watamu. Hapo utapata boda au tuktuk, na ukipenda unaweza hata kutembea.

Chukua mwongozaji. Bila yeye utaona kuta za matumbawe na mizizi ya miti, upige picha, uondoke. Wangu alikuwa kijana wa papo hapo, na hakuanza na kasri. "Kaka, wote wanakimbilia kasri. Njoo kwanza nikuonyeshe choo." Nikadhani ananitania. Kumbe ni chumba kidogo ndani ya nyumba, kina shimo lake na pembeni mahali palipojengwa kwa ajili ya maji ya kutawadhia. Watu wa karne ya 15, mabibi na mabwana, hawakuwa wakitoka nje usiku na taa mkononi. Katika nyumba nyingine akanionyesha stoo ya nyuma isiyo na mlango kabisa: mwenye mali aliingia kwa tundu lililo juu ukutani, akishuka kwa ngazi. Hapo ndipo utajiri wa mji ule ulianza kuniingia akilini, kuliko maelezo yote niliyosomewa garini.

Majina ya nyumba yanapendeza: Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Bakuli la Kauri, Nyumba ya Sanduku la Pembe, Nyumba ya Sarafu za Kichina. Si majina ya wenyeji wa zamani. Yametokana na vitu vilivyofukuliwa humo na mwanaakiolojia James Kirkman na watu wake, kazi iliyoanza mwaka 1948. Pana kaburi lenye tarehe iliyochongwa, 802 Hijria, yaani 1399 Miladia, na hilo ni la kutafuta kwa makusudi. Msikiti mkuu nao una mkuki wenye bapa pana uliochongwa juu ya tao la mlango, na kwenye mihrabu utaona yalipokuwa mabakuli ya kauri yaliyopachikwa ukutani.

Nilimuuliza kwa nini watu waliuhama mji mzima kama huu mwanzoni mwa karne ya 17. Akanitajia maji yaliyozidi kushuka visimani, wapiganaji wa Kizimba waliopita pwani hii mwaka 1589, mashambulizi ya Waoromo kutoka kaskazini, na Wareno walioivuruga biashara. Nilipenda kwamba hakunichagulia moja ili anipe hadithi tamu.

Mnarani ni pa mwendo mfupi. Mwambie kondakta akushushe kabla ya daraja la Kilifi kama unatokea Mombasa. Magofu yako juu ya mwamba, hori lote liko chini yako, na ukitokea upande wa maji utapanda ngazi mpaka mapafu yakukumbushe umri. Makaburi, likiwemo la mnara, yaani lenye nguzo ndefu ya mawe juu yake, yanavutia, lakini mimi niliganda kwenye maandishi ya Kiarabu yaliyochongwa kwenye mihrabu ya msikiti mkubwa. Herufi zimesukwa na kubanana hata msomaji wa Kiarabu hupata taabu kuzifuata. Ukimaliza, vuka daraja uende mjini ukale mahamri na mbaazi za nazi. Chakula cha ile ziara ya kifurushi kilikuwa chipsi baridi.

Jumba la Mtwana ndilo lililonishangaza, na ndilo ziara za haraka hulidharau, sijui kwa nini, ilhali liko karibu sana na Mombasa. Unashuka Mtwapa, unachukua boda hadi ufukweni. Mji wa karne ya 14 na 15, mibuyu imesimama katikati ya nyumba, na msikiti wa baharini umekaa karibu na maji kiasi kwamba mawimbi ndiyo sauti pekee. Penye birika la udhu tazama chini: pana vipande vya tumbawe gumu vilivyowekwa kwa ajili ya kusugulia miguu kabla ya kuingia. Nje ya msikiti, kwenye kaburi, imechongwa aya ya Surat Aal Imran: kila nafsi itaonja mauti. Nilikaa pale muda mrefu bila mtu wa kuniharakisha.

Malindi, kwa upande wa magofu, nusu siku yatosha. Mnara wa Vasco da Gama, aliyetia nanga hapa Aprili 1498, ni msalaba juu ya nguzo nyeupe kwenye ncha ya mwamba. Mandhari ni mazuri, historia yenyewe huioni kwa macho. Kanisa dogo la Wareno na makaburi ya mnara karibu na Msikiti wa Juma yana uzito zaidi, kwa maoni yangu.

Kaya za Wamijikenda, zilizoingia UNESCO mwaka 2008, usizichomeke kwenye ratiba ya namna hii. Ni misitu ya ibada, huingii bila ruhusa ya wazee, na desturi za humo hufuatwa.

Mambo ya mfukoni: weka pesa kwenye simu, maana viingilio vya magofu ya serikali hulipwa kwa eCitizen, mfumo wa malipo ya serikali mtandaoni, na mwananchi hulipa kidogo kuliko mgeni, basi beba kitambulisho. Mwongozaji mpe chake kando. Vaa viatu vya kufunika vidole na ujipake dawa ya mbu kabla ya Gede. Chakula usikishike mkononi, kima hawaombi.

Mwenye siku moja achukue Gede asubuhi na Mnarani alasiri. Jumba la Mtwana aliwekee Jumamosi nyingine, na duka la vinyago aliache.