Gazeti la mji wetu: kujiunga dakika mbili, kujitoa mateso

Naishi Ohio, na gazeti la mji wetu nilikuwa nalilipia kwa moyo mmoja. Jamaa zangu walinishangaa: habari si zimejaa bure kwenye simu? Za Washington, ndiyo, zimejaa. Trump kasema nini, nani kamjibu, runinga inatosha. Lakini nani kapewa zabuni ya barabara ya kwetu, au bodi ya elimu imeamua nini kuhusu mabasi ya watoto, hayo unayapata kwa mwandishi mmoja tu anayekaa kwenye vikao vya baraza la jiji mpaka usiku. Kwa ajili yake nilitaka kuwapa nyota tatu.

Sasa sikieni. Ofa ya dola moja ilipokwisha, bei ikapanda kimyakimya, nikaja kuliona kwenye taarifa ya benki. Kujiunga ulikuwa unabonyeza tu, umemaliza. Kujitoa, mpaka upige simu, tena saa za kazi. Serikali kuu ilitunga kanuni mwaka 2024 kwamba kujitoa kuwe rahisi kama kujiunga. Mahakama ya rufaa ikaifuta Julai 2025. Basi wanajifanyia watakavyo.

Nikapiga. Muziki, muziki, hatimaye akapokea mama mmoja. Nikamweleza shida yangu kwa Kiingereza kilichonyooka, ila lafudhi yangu ni ya Tanga na siifichi. Akanikata: "Hapo nyumbani hakuna mtu mwingine anayejua Kiingereza?" Damu ilinichemka. Gazeti lao lilikuwa mezani, nikamsomea aya nzima ya ukurasa wa kwanza, neno kwa neno. Kimya. Kisha, bila hata samahani: "Nikupunguzie nusu bei?" Mtu amenidharau, halafu ananibembeleza nibaki! Nikamwambia sitaki, funga.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba magazeti haya ya mitaani tunayahitaji. Kumbukeni George Santos wa New York, aliyegombea Baraza la Wawakilishi, yaani bunge la Marekani, kwa wasifu wa uongo. Gazeti dogo la Long Island, North Shore Leader, lilihoji utajiri wake na kumwita mtu bandia kabla ya uchaguzi wa Novemba 2022. Magazeti makubwa yalikuja kumfichua Desemba, ameshashinda! Ikachukua mwaka mzima Baraza la Wawakilishi kumfukuza. Na hapa hapa Ohio, mji wa Youngstown ulipoteza The Vindicator mwaka 2019, gazeti la miaka 150. Likifungwa la kwetu, nani ataketi kwenye vile vikao? Halafu wateja waliobaki ndio mnawajibu hivi?

Hapana, nyota tatu nimeziondoa. Moja, na hiyo ni ya mwandishi wa baraza, si ya idara ya malipo.

Ila siwezi kuwaambia msilisome. Juzi kaandika habari ndefu kuhusu deni la maji la jiji, mwenye nyumba wangu mwenyewe alikuwa haijui. Nakala ile niliinunua kituo cha mafuta, taslimu. Nanyi fanyeni hivyohivyo. Namba za kadi msiwape. Hela waliyonikata mwezi wa mwisho bado hawajairudisha.