Unga wa kiwavi kwa goti langu: mwezi mmoja wa kuutumia

Goti langu la kushoto liliharibika kwa kubeba magunia ya viazi Bunagana, mpakani mwa Uganda na Kongo. Mwezi uliopita nikanunua unga wa majani ya kiwavi sokoni Kisoro, pakiti ndogo kwa shilingi 10,000. Si kiwavi mdudu, ni mmea unaowasha, uleule ambao Wafumbira wa Kisoro huuita igisura na Wakikuyu thabai. Ukiupitia shambani na kaptula, utajikuna mpaka jioni. (Masokwe wa Virunga huula mbichi, sijui midomo yao imeumbwa kwa kitu gani.)

Nilikoroga kijiko kimoja kwenye kikombe cha maji moto, asubuhi na jioni. Ladha yake ni ya mchicha usio na chumvi, nikaongeza tangawizi. Hauwashi hata kidogo, maana vile vinywele vya sumu vimeshakaushwa na kusagwa. Ila unakojoza! Usiku wa kwanza niliamka mara tatu. Usiunywe siku ya kupanda basi la Kampala.

Goti lilipata nafuu kidogo wiki ya nne, ingawa magunia pia nilikuwa nimeyaacha, kwa hiyo siapi.

Mama mkwe alipoiona pakiti alicheka sana. Akaenda nyuma ya zizi, akarudi na vitawi vibichi vya kiwavi amevifungia jani la mgomba, akaniambia, "Nyoosha mguu, baba." Akanichapa gotini. Jamani! Ngozi ilivimba vipele na kuwaka kwa muda wa saa mbili hivi, lakini moto ule ulipopoa, maumivu ya ndani yalitulia hadi kesho yake mchana. Hata Ulaya zamani wagonjwa wa baridi yabisi walijichapa hivyohivyo.

Kilichoniudhi ni maandishi ya pakiti: eti hutibu kisukari, presha, tezi dume na "magonjwa yote ya damu". Nilimwuliza muuzaji kuhusu dada yangu anayemeza warfarini ya kuzuia damu kuganda, akajibu haina shida. Shida ipo: majani haya yana vitamini K, nayo hupunguza nguvu ya dawa hiyo. Dada sikumpa.

Nyota 3 kati ya 5, na sinunui tena. Siku hizi navaa mifuko ya plastiki mikononi, nachuma majani machanga ya kiwavi kabla mmea haujachanua, nayachemsha na kuyaunga kwa karanga. Watoto wanaomba kuongezwa.