Ukiwa Dar na watoto: boti ya Zanzibar au pantoni ya Kigamboni?

Kwa hela pantoni inashinda, unalipa hela ndogo tu, wakati boti tiketi za familia nzima zinauma kweli. Ila raha ya boti ni nyingine jamani, masaa kama mawili baharini halafu Stone Town inaanza kutokea, watoto wanaganda dirishani! Shida ni upepo wa kusi, mwezi wa sita mpaka wa nane mawimbi hayana huruma, wangu wa miaka minne alinitapikia kanga yote nikabaki namfuta na maji ya chupa. Pantoni ni dakika chache tu, ila jumapili jioni mkirudi toka beach msukumano ni balaa, mshike mtoto mkono. Mwenye mtoto mdogo aanze na pantoni, wakubwa wapelekeni Unguja bahari ikitulia.