WildFly upande wa majina ya JNDI: nimekaa nayo miaka kadhaa, haya ndo ninayoyaona

Ukihamisha programu ya Java kutoka seva ya zamani kuja WildFly (seva ya kuendeshea programu za Java, ndo ile JBoss iliyobadilishwa jina), kitakachokutoa jasho mara nyingi ni majina, databesi itakaa sawa mapema tu. Mi naitumia kwa mifumo ya saccos na kwa upande huu naipa 8 kwa 10, naipa kwa moyo kabisa, na hizo 2 nilizobana nitasema kwa nini.

Kwa ambaye hajakutana na hii kitu, JNDI ni daftari la majina ndani ya seva. Unasajili bini yako (kipande cha kodi kinachofanya kazi fulani) au koneksheni ya databesi kwa jina fulani, kodi nyingine inalitaja lile jina inapewa kitu chenyewe bila kujua kimekaa wapi. Zamani kila seva ilikuwa na mtindo wake, kwenye JBoss za kale jina linaishia na /local au /remote, ukienda seva nyingine halifanani hata kidogo, basi unaanza kupita kwenye kodi mstari kwa mstari. Java EE 6 ya mwaka 2009 (Java EE ni kanuni za pamoja ambazo seva hizi zinafuata) ndo ikaleta ustaarabu: java:module kwa ndani ya moduli yako, java:app kwa programu nzima hata ikiwa EAR, yaani kifurushi kimoja chenye moduli kumi, java:global kwa seva yote.

Sasa kinachonifanya niipende WildFly ni kwamba hukisii. Ukishadiploi, yaani ukishaipandisha programu kwenye seva, inakuandikia yenyewe kwenye logi majina yote ya kila bini, tafuta namba WFLYEJB0473 utaona chini yake orodha kama hii:

java:global/mikopo/HesabuBean!tz.mfano.Hesabu
java:app/mikopo/HesabuBean!tz.mfano.Hesabu
java:module/HesabuBean!tz.mfano.Hesabu

Unakopi unabandika, kazi imeisha. Ile sehemu baada ya alama ya mshangao ni intafesi na paketi yake. Na ukitaka kuona daftari zima likiwa hai ingia jboss-cli.sh (CLI, ile ya kuipa seva amri kwa kuandika) upige /subsystem=naming:jndi-view, kila kilichosajiliwa kinamwagika hapo. Aisee hiyo amri imeniokolea usiku mwingi sana.

Ila kuna mtego na huu nataka watu wauelewe vizuri. Tulikabidhiwa mfumo ulioandikwa na watu wengine, faili lake linaitwa mikopo-1.4.2.war (.war ni kifurushi cha programu ya wavuti), na programu ya ripoti iko kwenye mashine ya pembeni inaita kwa mbali mikopo-1.4.2/HesabuBean!tz.mfano.Hesabu. Tukapandisha 1.4.3 vizuri tu, kurasa zinafunguka, watu wanaingia, halafu ripoti zote chali, NameNotFoundException mwanzo mwisho, na ilikuwa mwisho wa mwezi mhasibu kakaa anasubiri. Tumekagua mtandao, tumekagua paswedi, tumewasha upya mashine zote mbili, wapi. Kumbe usipotaja jina la moduli mwenyewe seva inachukua jina la faili na kukata ile .war ya mwisho, kwa hiyo vesheni ikibadilika na jina linabadilika, na anayeita jina la zamani haoni mtu. Na hii ni kanuni yenyewe ya Java EE, sio mambo ya WildFly peke yake.

Dawa ni mstari mmoja ndani ya web.xml, faili la mipangilio lililo ndani ya kifurushi:

<module-name>mikopo</module-name>

Kama ni EAR weka na application-name kwenye application.xml. Wengine wanarekebisha finalName (jina la faili linalotoka) kwenye Maven, zana ya kujengea programu, inafanya kazi, lakini mi nataka jina liwe ndani ya kifurushi ili hata mtu wa seva akilibadili jina la faili anavyotaka yeye, bini ibaki inaitwa vilevile.

Koneksheni ya databesi nayo iangalie. Hapa jina lazima lianze na java:/ au java:jboss/, mfano java:jboss/datasources/MikopoDS. Usilizike kwenye kodi. Kodi ijue java:comp/env/jdbc/mikopo tu, halafu jboss-web.xml ndo iseme hilo ni lipi kwenye seva hii. Na kama una kodi ya zamani huruhusiwi kuigusa, WildFly ina kitu kizuri sana kwenye standalone.xml (faili la mipangilio ya seva yenyewe), sehemu ya naming, unaweka binding ya aina ya lookup yaani jina moja linaelekeza kwa lingine, java:global/jdbc/mikopo likiitwa anayeitika ni MikopoDS.

Zile 2 nilizobana: ya kwanza ni uandishi wa CLI, nukta mbili na mkwaju kila kimoja kinawekewa mkwaju wa nyuma, unaishia na kitu kama binding=java\:global\/kikomo na ukisahau kimoja tu amri inagoma. Ya pili, juu ya yale majina ya kawaida kuna java:jboss, kuna java:jboss/exported, kuna ejb: (njia nyingine ya kuita bini kutoka mbali), na mgeni hajui kwamba anayeita kutoka nje kwa JNDI anaona vilivyo chini ya exported tu, tena huko nje unaita bila kutanguliza hilo neno. Kijana mpya ofisini anaweza kumaliza siku mbili hapo.

Na kwa mnaopanda WildFly 27 kwenda juu, ile ya 2022 iliyohamia Jakarta EE 10 (Jakarta EE ni jina jipya la Java EE, na paketi zake nyingi za javax zimekuwa jakarta), msibadili kila javax kuwa jakarta kwa mkupuo. javax.naming inabaki javax.naming kwa sababu inatoka kwenye Java yenyewe, haikuhama na wenzake, sawa na javax.sql. Itoeni kwenye orodha kabla hamjabonyeza.